Nyanya Niliyoificha Kwenye Kibuyu cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakusihi usinicheke hata kama mwanzo wa habari hii unachekesha, maana mwisho wake sijui kama nitaubeba. Mimi ni mke wa mtu hapa Ngulyati, nina miaka ishirini na tisa, tunalima pamba na mahindi, naishi na mume wangu Luhaga pamoja na mama yake. Mwaka huu tulipouza pamba mume wangu aliniachia nifanye manunuzi ya nyumba, nami kwa kuwa nilichoka kukimbilia dukani kila jioni kununua kipakiti kimoja cha nyanya, nikaenda Bariadi mjini kwenye duka la jumla nikanunua makopo matatu makubwa ya nyanya ya kusaga, yale ya kilo tatu tatu ambayo mama lishe hununua, nikarudi nayo najiona mwanamke mwenye akili.

Kopo la kwanza nilipolifungua nikakumbuka kuwa nyanya haikai kwenye bati lililofunguliwa, friji hatuna, ndoo zote zina maji na unga. Ndipo nikakiona kibuyu cha mama mkwe. Ni kibuyu cha kusukia maziwa, alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa, kinaning'inia juu ya kitanda chake na hakishushwi mpaka ng'ombe azae. Nikawaza, kama kibuyu kinafukizwa kwa moshi na maziwa yanakaa humo siku nyingi bila kuharibika, nyanya itashindwaje? Mama alikuwa msibani, nikamimina kopo zima, nikaziba, nikakirudisha palepale, halafu kila asubuhi mama akitoka kuota jua nikawa naingia kuchota vijiko viwili vya kutia kwenye mboga, na mboga zangu zilisifiwa, mshauri, mama mwenyewe alikuwa anaomba aongezwe.

Siku ya tisa alfajiri nikasikia mama anaita. Nyanya ilikuwa imechacha, imevimba, imesukuma kizibo na kutoka, inatiririka ukutani mpaka kwenye shuka lake, nyekundu, nyepesi. Mama macho yake yana ukungu na pua yake imekufa kwa ugoro wa miaka mingi. Alikuwa amekaa kitandani ameinua mkono uliolowa, anautazama, akasema taratibu, "Damu. Mayu ameniita." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Niliogopa kuambiwa nimekinajisi kibuyu cha marehemu mama yake, nikamwambia, "Pumzika mayu, nitasafisha," nikakiosha haraka na kufuta ukuta kabla Luhaga hajaingia.

Tangu hapo uongo wangu umekua. Ndugu waliitwa, wifi yangu Kija akaja kutoka Mwamanyili, mbuzi akachinjwa kuwatuliza waliotangulia, na mimi ndiye niliyempika mbuzi huyo, nikatumia kopo la pili, wakala wote wakanisifu. Mama hakugusa. Leo ni siku ya sita anakunywa maji na uji vijiko viwili tu. Jana alimgawia Kija kanga zake, mimi akanipa kile kibuyu, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe ndiwe uliyenitunza, kichukue, mimi nimeshaitwa." Nilikipokea kwa magoti. Mshauri, namuua mama wa watu kwa nyanya, na kila saa inayopita kusema kunakuwa kugumu zaidi, kwa sababu sasa nitamuaibisha yeye mbele ya ukoo mzima kwamba alililia kopo. Nilale nisiamke, au nifanye nini? Jina langu usiliweke, namba ya nyumbani nimeiandika chini.

*

Mwanangu,

Sikucheka. Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama.

Tuanze na kosa dogo tulimalize. Ulifikiri vizuri ukakosea. Kibuyu kinafaa maziwa kwa sababu maziwa yanatakiwa kuganda. Nyanya haitaki hivyo, nyanya ikikaa kwenye joto humo ndani inachacha, inatoa gesi na kusukuma kizibo. Asiye na friji hanunui kopo la mama lishe. Nunua makopo madogo yanayoisha siku moja, au nyanya zikiwa nyingi sokoni zikate uzianike juani mpaka zikauke kabisa, kama unavyoanika michembe ya viazi. Hilo limekwisha.

Kosa kubwa ni lile la mlangoni, na hapo sikuonei huruma. Unasema unaogopa kumwaibisha mama. Acha kujidanganya. Unajiogopea wewe. Mama anagawa kanga zake, na wewe unapima utaonekanaje mbele ya wifi. Hata kibuyu umekipokea!

Sasa sikiliza. Kopo la tatu bado unalo, hukuniambia umelitumia. Lichukue, ingia kwa mama ukiwa peke yako, piga magoti kama ulivyopiga ulipopokea kibuyu, na umwambie kwa Kisukuma, lugha ambayo hana shida ya kuielewa. Usianze kwa kulia. Anza kwa kusema, "Mayu, ile haikuwa damu, ni mimi." Pua yake haisikii na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo maneno peke yake hayatatosha. Fungua kopo mbele yake ashike bati, kisha chovya kidole chako umwekee ulimini. Ladha hiyo anaijua, ndiyo aliyokuwa anaomba aongezwe. Akikutukana, kaa. Akikufukuza, kaa mlangoni. Baada ya hapo mwambie Luhaga, na leo hiihii mpelekeni zahanati, maana mwili wa mzee usiokula siku zote hizi hauponywi na ukweli pekee. Ndugu wataambiwa na mama mwenyewe akipenda, kwa namna atakayopenda. Hiyo heshima mwachie.

Jina lako nimelificha, lakini kibuyu siwezi kukificha. Gazeti hili likifika Ngulyati, watu watajua kabla ya jioni. Nimeichapa barua yako nikijua hivyo, kwa sababu ilichukua siku tano kunifikia, na nilipopiga namba uliyoandika alipokea Kija. Nikakuulizia, akasema umeenda kuteka maji. Nikamuulizia mama, akasema amelala, siku hizi analala tu. Sikumwambia kitu, neno hili ni lako. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo usiisome barua hii mara ya pili. Chukua kopo uende, na umkute bado anaweza kuonja.