Somo wa Rukaiya

Tandika, Temeke
10 Februari 1992

Dada yangu Tabu,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepoa na unakwenda sokoni bila fimbo. Sie huku wazima. Suleiman ndiye bado hajazoea kukaa nyumbani tangu kiwanda kilipompunguza kazini. Anazunguka uani tangu asubuhi, mara anatengeneza bawaba ambayo haijaharibika. Biashara yangu ya mitumba inatulisha, alhamdulillahi.

Nina habari ya kukufurahisha. Posa ya Faraji kwa Rukaiya tumeikubali. Mama yake, Bi Saumu, mliyekaa naye jirani Magomeni, alikuja na wazee wake na kila kitu kimekwenda kwa heshima. Harusi itakuwa Mfungo Mosi, Jumamosi ya mwisho, inshallah. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo harusi hii ni yako kabla haijawa yangu. Njoo mapema.

Kuna jambo lingine nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu. Rukaiya amechagua somo wa kumfunda na kukaa naye siku hiyo. Amemtaka Tunu, yule mpangaji wetu wa chumba cha uani, aliyetoka Newala.

Unakumbuka mwanangu alivyokuwa na kigugumizi, mpaka akawa hataki kutumwa dukani kwa kuogopa kuchekwa. Mie nilikuwa natoka na fungu langu la nguo alfajiri na kurudi jua likizama. Tunu naye alikuwa mgeni hapa, watoto wakimfuata barabarani wakicheka chale zake na ule mdomo uliotobolewa. Siku moja akamshika Rukaiya mkono, wakapita pamoja nyumba kwa nyumba wakisalimia. Rukaiya akikwama, Tunu anangoja naye pale pale mlangoni mpaka neno litoke. Walifanya hivyo miezi na miezi. Leo mwanangu anasema na yeyote. Nilipomuuliza anamtaka nani awe somo, hakufikiri hata kidogo.

Nijibu upesi, dereva wa basi ataniletea.

Mdogo wako,
Munira

*

Ngamiani, Tanga
27 Februari 1992

Mdogo wangu Munira,

Waalaykum salaam. Mguu haujambo, nashukuru Mungu, ingawa usiku bado unaniuma. Msalimie shemeji Suleiman, umwambie asife moyo. Habari ya posa imenifurahisha mno. Niliisoma kwa sauti, wakwe zangu wote wakasikia.

Ile habari ya pili sikuisoma kwa sauti.

Munira, umerogwa? Mwali wa ukoo wetu afundwe na Mmakonde? Hakuna wanawake waliobaki Dar es Salaam? Najua amekusaidia. Mshukuru, mpe kanga, mpe hata doti mbili. Lakini somo ni mama wa pili wa bibi harusi mpaka kufa. Watu wataingia ukumbini wakute uso ule umekaa karibu na mtoto wetu, halafu waende Kariakoo nzima kuhadithia. Unajua yanayosemwa kuhusu hao watu, uchawi wao na vyakula vyao. Wale ni watu wa kuja. Hawajui mambo yetu.

Bi Saumu ameshasikia na ameniandikia. Hajafurahi hata kidogo. Mimi ndiye niliyemsifia binti yetu kwake, na mimi ndiye nitakayelaumiwa.

Huyo mwanamke akitaka kusaidia, kuna vyungu vya pilau huko nyuma. Fanya hima urekebishe kabla ya mwezi mtukufu.

Dada yako,
Tabu

*

Tandika
15 Machi 1992

Dada Tabu,

Ramadhani karimu. Nakuombea funga nyepesi na usingizi bila maumivu. Sie tunafunga wote, na Tunu anafunga pamoja nasi. Nalisema hili makusudi. Mwenzetu ni Mwislamu, anaswali, na Kurani alisomeshwa na babake. Kwa hiyo neno la dini halipo. Kilichobaki ni uso wake.

Juzi alipika mihogo ya nazi akawagawia majirani wakati wa kufuturu, kama tunavyofanya wote. Mke wa fundi cherehani, nyumba ya mkabala, alipokea sahani akatabasamu, kisha akaenda kumwaga nyuma ya choo. Rukaiya alimwona kupitia uwazi wa ua. Niliposikia nilikwenda pale pale na sahani yangu tupu, nikamwambia, "Mihogo ile niliimenya mie. Sasa mwaga na salamu zangu tutakapokutana." Tangu siku hiyo hatusemeshani, na sijakosa kitu.

Bi Saumu naye alikuja, na wanawake wawili. Alisema kwa upole kabisa kwamba wao hawana ubaya na mtu, ila somo abadilishwe, la sivyo harusi isogezwe mbele mpaka tuelewane. Nilimkaribisha kukaa, akakataa, kwa vile Tunu alikuwa ameketi kwenye mkeka ule ule. Nikamwambia tarehe yetu ni ile ile. Faraji mwenyewe hajasema lolote. Hilo linanikera kuliko maneno ya mama yake, na nimemwambia Rukaiya alifikirie vizuri.

Dada, unasema watu wa kuja. Babu yetu aliingia mji huu kwa miguu kutoka Maneromango, amebeba mkaa kichwani, na wenyeji wa hapa walimcheka matamshi yake. Ulinihadithia wewe mwenyewe, nikiwa mdogo, na ulikuwa ukikasirika unapohadithia.

Mdogo wako,
Munira

*

Ngamiani, Tanga
8 Aprili 1992

Munira mdogo wangu,

Idi njema, na Mungu azipokee funga zetu. Mguu umevimba tena, lakini nitapanda basi hivyo hivyo. Siwezi kukosa harusi ya mtoto wangu.

Nimelala na kuamka na jambo hili. Sitaki tugombane, tumebaki wawili tu duniani. Nimepata njia na Bi Saumu ameikubali. Huyo Tunu amfunde Rukaiya ndani, watakavyo. Siku yenyewe akae naye pia. Ila afunike uso.

Ndani ya furushi hili utakuta barakoa ya marehemu mama. Unajua nilivyoitunza. Hata binti zangu sijawapa. Avae hiyo, aonekane kama mwanamke yeyote wa pwani, wageni wasijue ni nani. Mtoto atakuwa na somo amtakaye, na sisi hatutachekwa.

Nadhani hakuna dada angefanya zaidi ya hapa. Kama hata hili hulitaki, basi mimi sitakuja, wala usinitegemee tena.

Dada yako,
Tabu

*

Tandika
15 Aprili 1992

Dada Tabu,

Idi njema nawe. Ule mguu ukande kwa maji ya moto na chumvi, usiuache. Mie sijambo, ila usingizi umenipungua.

Furushi limefika. Nililia nilipolifungua, maana bado lina udi wa mama. Najua kwa nini umeitoa barakoa yake, na najua imekugharimu moyo. Ndiyo maana sikukujibu kwa hasira. Nilimwita Tunu na Rukaiya, nikawasomea barua yako yote, sikuruka neno.

Tunu aliishika ile barakoa kwa mikono miwili, akaisifu mshono. Kisha akairudisha mapajani kwangu. Akasema, "Chale hizi nilichanjwa na bibi yangu, mama amenipakata. Siku ile nilipikiwa, nikachezewa ngoma, kijiji kizima kikanisifu. Sijawahi kuuonea haya uso wangu. Nikiufunika mbele ya Rukaiya, nitakuwa nimemfundisha nini?"

Akasema yuko radhi kwenda Newala mpaka harusi ipite, kama kubaki kwake kunatuvunjia undugu. Aliondoka akaenda kukunja nguo zake. Rukaiya akamfuata, akakaa kizingitini akiwa amemzibia njia. Kigugumizi kilimrudia kidogo, lakini alisema yote. Alisema ama anatoka ukumbini na Tunu mwenye uso wake, ama hatoki, na mahari irudishwe kesho. Suleiman alikuwa anapigilia kiti msumari. Akasema bila kugeuka, "Mtoto amesema." Akaendelea na msumari wake.

Kwa hiyo nakurudishia barakoa ya mama, imekunjwa kama ulivyoikunja. Haina kosa lolote. Kosa ni kazi uliyotaka kuipa.

Tarehe ni ile ile. Kitanda chako kimetandikwa.

Mdogo wako,
Munira

*

Tandika
20 Mei 1992

Dada Tabu,

Asalaam alaykum. Dereva ananiambia unatembea sasa na furushi lilikufikia mkononi. Nashukuru kwa yote mawili. Hukujibu wala hukuja, lakini harusi ilikuwa yako pia, kwa hiyo nakuhadithia.

Mtaa uligawanyika. Wengi tuliowaalika walibaki majumbani, wakichungulia madirishani. Nusu ya mikeka ilikuwa mitupu mpaka alasiri. Hapo wakatokea ndugu zake Tunu kutoka Mtoni na ngoma zao, wakaijaza ile mikeka. Walipiga za kwao, sie tukaimba za kwetu, na kufika magharibi hata waliokuwa madirishani walikuwa wanatingisha mabega. Mke wa fundi cherehani hakutoka.

Ndoa ilifungwa msikitini. Faraji akaletwa na watu wake mpaka mlango wa chumba cha bibi harusi, na Tunu akasimama hapo kama somo anavyotakiwa, kajitanda kanga mpya, uso wazi. Bi Saumu akasema kwa sauti, "Muondoeni mlangoni kwanza, ndipo mwanangu apite."

Ngoma zikanyamaza. Nilimwambia, "Mwanao akitaka kumfikia mwanangu, njia ni hapo aliposimama yeye."

Kila mtu akamtazama Faraji, yule aliyekaa kimya wiki zote zile. Akavua viatu. Akamsogelea Tunu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, somo. Naomba njia." Tunu akaitika marahaba, akamngojesha kidogo kama desturi inavyotaka, kisha akasogea.

Bi Saumu aliingia nyuma ya mwanawe. Sitakudanganya kwamba alibadilika. Hakula chakula chetu, na alimpa Tunu ncha za vidole tu badala ya mkono. Lakini aliketi, na walikuwa mkeka mmoja.

Rukaiya ana furaha. Anasema Faraji amemwomba radhi kwa ule ukimya wake, na mie nimemsamehe nusu. Iliyobaki ataitafuta mwenyewe.

Sasa sikiliza, dada. Mwezi ujao, baada ya Idi kubwa, Rukaiya atakuja Tanga kukuamkia. Faraji hataweza kuacha kazi, kwa hiyo atasindikizwa na somo wake, uso wake ule ule. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu, upate kuandaa chai ya watu wawili. Ukiamua kuwafungia mlango, ufunge kwa mkono wako, usimtume mtu. Watakaa barazani kwako wangoje. Kungoja mlangoni ndiko walikojuania hao wawili, wala hawachoki.

Nakupenda, na sirudi nyuma.

Mdogo wako uliyemlea,
Munira