Mwalimu Mkuu Amesema Mtoto Awe Wangu

Mama Mshauri mpendwa,

Nisaidie, kichwa changu kimeshindwa. Mimi ni mama wa hapa Shauri Moyo, nauza nguo za mitumba Gikomba, na binti yangu Triza aliyekuwa kidato cha pili alijifungua mtoto wa kike mwezi wa tano, nami sikumfukuza kama wazazi wengine wafanyavyo, nililia naye, nikampikia uji, nikamkanda kwa maji moto, na mtoto aliposhika nguvu nikaenda shuleni kumwombea nafasi. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri akasema, "Nitamrudisha, mama, lakini hapa shuleni Triza hana mtoto. Mtoto awe wako. Wasichana wengine wakisikia nitawaambia nini?" Nikakubali mbio mbio, nikashukuru hadi nikapiga magoti, kwa sababu kwetu magharibi mtoto wa kwanza wa binti kulelewa na nyanya yake si ajabu.

Basi nikatangaza kanisani kwamba nimebarikiwa uzeeni, na kwa huu mwili wangu hakuna aliyeshuku. Akina mama wakaja kuniona na unga na sukari, wakaimba, mtoto akaanza kulia, nambembeleza nikijua sina cha kumpa, na Triza amesimama pembeni blauzi imelowa maziwa, hathubutu kumchukua. Walipoondoka alimnyonyesha huku machozi yanamtoka, akaniambia, "Mum, pastor akiuliza mama ya mtoto ni nani na useme ni wewe, mimi shule siendi. Sitaki mtoto wangu aniite dada."

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu ndiyo tunamleta mtoto mbele ya kanisa aombewe na pastor, na kesho yake shule zinafunguliwa. Nikisema kweli, nahofia mwalimu mkuu atamkataa. Nikidanganya, nimemvunja moyo mtoto wangu, na nawapenda yeye na mwanawe kuliko ninavyoweza kuandika. Nifanye nini?

Mama Triza

(Majina yamebadilishwa.)

Mama Triza,

Pole, na hongera. Wengi huniandikia wakiwa wameshamtupa binti nje, wewe ulimpikia uji. Lakini mama yangu, magoti ulipiga ya nini? Tangu mwaka wa 1994 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Haikusema amkane mwanawe kwanza! Mwalimu mkuu amekupa haki ya Triza kana kwamba ni zawadi, tena yenye masharti. Sisemi ni mtu mbaya, naona anaogopa maneno ya watu, kama wewe tu.

Na baba ya mtoto mbona hukumtaja? Kama ni mwanafunzi, bila shaka yuko darasani anafanya hesabu zake, wala hakuna aliyemwambia afiche chochote. Kama ni mtu mzima, na hasa kama ni mwalimu, hiyo ni kesi. Usinyamaze, niandikie upesi.

Ule uongo wa kanisani nimeucheka kidogo, nisamehe, halafu nikafikiria ile blauzi iliyolowa na kicheko kikaniisha. Uache. Kabla ya hiyo Jumapili rudi shuleni, usiende peke yako, nenda na Triza na mzazi mmoja wa kamati ya shule. Sema kwa heshima kwamba Triza anarudi na kwamba ana mtoto. Akikataa, mwombe aandike sababu zake, uzipeleke kwa afisa wa elimu. Magoti tena hapana.

Triza naye umwambie kutoka kwangu kwamba kususia shule si kumtetea mtoto. Huyo mtoto atahitaji mama aliyesoma.

Kanisani simameni pamoja. Pastor akiuliza, wewe nyamaza, mwache Triza ajibu, na akina mama wakiguna, waache wagune, wataimba tu. Jumatatu amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka. Halafu umpokee mikononi mwake, umwambie, "Nenda shule, Triza. Mwanao niko naye."