Gauni la Kijani la Mama

Plovdiv, Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Velika,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Huku afya si mbaya. Mama goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini bado anapanda mwenyewe hadi shamba la viazi na hataki kushikwa mkono.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningepandisha sauti nawe ungekata kabla sijamaliza. Nina hasira, dada, na ninaomba uisome barua hii yote.

Mwezi uliopita Bwana Bosev, mwenye studio niliyokuwa nikifanyia kazi, alipata kazi ya tangazo la mtindi. Kampuni ilitaka waimbaji wa milimani, nami kwa kiherehere changu nikawataja Mama na wenzake wa kijijini. Nilimshauri Bosev tupande huko na kamera, kwani mlima upo na waimbaji wapo. Akanijibu kwamba barabara ina matope, na mawingu hayana mkataba naye. Waimbaji wateremke mjini, mlima tutauweka kwa kompyuta.

Nikamtahadharisha mapema. Kompyuta hufuta kila kilicho kijani mbele ya kamera na kuweka picha nyingine mahali pake, na Mama, kama kiongozi wa waimbaji, huvaa lile gauni la sufu la kijani alilolishona Bibi. Nikamwomba tutundike nyuma yao pazia la bluu, ili kompyuta ifute bluu badala ya kijani. Akasema la kijani ndilo lililopo, na nisimfundishe kazi.

Basi nikatundika la kijani. Nililishusha kutoka juu ukutani mpaka sakafuni, nikalipiga pasi ya mvuke, kwa sababu kila kunjo hutupa kivuli na kivuli huharibu picha. Nikaweka taa mbili za kuangaza pazia tu, moja kila upande, nikazifunika kwa kitambaa cheupe ili mwanga uwe laini. Mahali pa waimbaji nikapaweka mbali na pazia, rangi isije ikawarukia mashavuni, na taa nyingine nikaielekeza mabegani mwao kwa nyuma. Niliamini kwamba Bosev akimwona Mama kwa macho yake ataona haya na kuniruhusu kubadilisha. Nilijidanganya.

Wakafika wanawake watano kwa basi dogo, wamechoka, wamependeza. Mama alikuwa amebeba banitsa, mkate wa matabaka yenye jibini, bado wa moto ndani ya taulo, kwa ajili ya "vijana wa kazi." Vijana wa kazi wakaila. Kisha wakamsimamisha katikati, kamera ikawashwa, na kwenye skrini tukaona mlima mzuri, wanawake wanne, na kichwa cha Mama kikielea hewani na mikono miwili isiyo na mwili.

Walicheka, Velika. Walicheka na makombo ya banitsa mdomoni. Bosev ndiye aliyecheka kuliko wote, akatoa simu kurekodi ile skrini, akasema, "Bibi, umekufa tayari, hujaambiwa tu!"

Mama akaomba aone. Akaitazama skrini muda mrefu, halafu akauliza kwa upole kama kuna kitu alichokosea. Bosev akamwambia vazi lake ndilo lililokosea, alivue, kuna magauni ya kukodi chumba cha pili, ama sivyo akakae benchi. Mama akasema gauni la mama yake halivui kwa ajili ya mtindi. Hapo Shangazi Rada akamsogelea Bosev, unamjua alivyo, akamwambia, "Kijana, Stanka akikaa benchi, sote tunakaa. Utaimba wewe na hizo suruali zako za kubana."

Nikaomba saa moja tu nitafute pazia la bluu. Bosev akakataa, akasema wasichana wa kukodi watafungua midomo na sauti itatafutwa. Nikazima taa zangu zote, moja baada ya nyingine, nikawarudisha wanawake kijijini mwenyewe. Sijarudi kazini tangu siku hiyo. Sasa ninawasha taa kwenye harusi na rafiki yangu mmoja, na riziki inapatikana.

Ningekuwa nimeshasahau kama mambo yangeishia hapo. Lakini Bosev aliichukua ile video ya simu yake, akawakata wale wanne wengine, akambandika Mama kichwa cha mbuzi juu ya uso, akaongeza mlio wa mbuzi, akaitupa mtandaoni. Nilipomfuata akaniuliza, bila haya hata chembe, sura haionekani, jina halipo, nani ameumia?

Ameumia Mama. Dukani walimwonyesha ili naye acheke, hawakujua ni nani. Yeye aliitambua mikono yake. Akarudi nyumbani, akalikunja gauni na kulitia sandukuni, na sikukuu ya kanisa wenzake waliimba bila yeye. Shangazi Rada alipomfuata alimwambia koo limekauka. Koo halijakauka, dada. Aliyekauka ni yule mwanamke aliyekuwa akituamsha kwa nyimbo.

Na sasa ninakwambia lililonifanya nishike kalamu. Ile video ya mbuzi mwimbaji uliyotutumia kwenye kundi la familia Alhamisi, ukaandika kwamba umecheka hadi machozi, ndiyo hiyo. Huyo ni Mama yetu. Binamu zetu wote walicheka pamoja nawe, nami nikanyamaza kwa sababu maneno niliyokuwa nayo hayaandikiki.

Najua hukujua. Nimejilazimisha kukumbuka hilo kila siku, na bado hasira haijaisha. Mama hayumo kwenye lile kundi, na kwangu hatasikia kwamba na wewe ulicheka. Ila mpigie simu. Usimwombe radhi, maana ataelewa mara moja. Mwambie yule mwanao mdogo halali bila wimbo, kisha umwekee mtoto simu sikioni, unyamaze, umsubiri Mama aanze kuimba.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Shangazi Rada anakusalimu, na Mama pia angekusalimu kama angejua ninaandika.

Ndimi mdogo wako akupendaye hata akikasirika,

Asen