Okestra Haisubiri

Jumatatu, 3 Machi
Sehemu ya pili ya utungo tena, mara sita kabla ya kukamua ng'ombe. Okestra inatoka kwenye simu. Imerekodiwa bila fidla; pengo hilo nalijaza mimi. Naachwa kwenye mstari wa nne, kila mara palepale. Baridi. Vidole vigumu. Lakini rafiki yangu Bura anataka kuisikia, na hali yake si nzuri.

Jumatano, 5 Machi
Nilieleze jambo hili sawasawa, hata kama ni kwangu mwenyewe. Utungo huu ni mazungumzo ya fidla moja na okestra nzima. Hapa Gehandu okestra hatuna. Tangu tulipokuwa tukifundisha shule moja, Bura ndiye aliyekuwa akipiga sehemu ya okestra kwenye kinanda cha kanisa. Kisha kiharusi kikaua mkono wake wa kushoto. Miaka yote ile nilijiona hodari wa kushika mapigo. Kumbe pale mstari wa nne alikuwa ananisubiri. Hakuwahi kuniambia. Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Mjukuu wangu Neema ameipunguza kasi rekodi. Sasa siachwi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda Jorodom, nyumbani kwa Bura. Nimepiga kando ya kitanda chake. Sijamaliza mstari wa pili akainua mkono ule mzima.
"Mwalimu, hawa watu umewafunga miguu kama ng'ombe wa kukamuliwa."
"Nimewatuliza tu."
"Wafungue. Wakikuacha, wafuate."
Mkewe, Mama Paulina, akacheka. Mimi sikucheka. Nikaifunga fidla kwenye sanduku, nikasema nitarudi nikiiweza.

Jumanne, 11 Machi
Rekodi kwa kasi yake halisi. Nachelewa nusu pigo tu. Mama Paulina amepiga simu: njoo leo, ameamka vizuri, anakuulizia. Nikamjibu keshokutwa. Nataka iwe safi.

Alhamisi, 13 Machi
Bura amefariki alfajiri. Sanduku la fidla lilikuwa tayari mlangoni.
Alitaka kunisikia mimi. Usafi nilioutaka ulikuwa wangu. Siku mbili nimezimaliza kwa nusu pigo.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika. Kwetu kukiwa na msiba majirani hawashiki jembe mpaka siku za maombolezo ziishe. Fidla nayo ni kazi. Sijaigusa. Mama Paulina alinishika mkono muda mrefu. Ile simu hakuitaja. Afadhali angeitaja.

Jumatano, 19 Machi
Watu wamerudi mashambani. Mawingu upande wa Balangdalalu, mvua bado.
Nimepiga sehemu ya pili yote kwa kasi yake halisi. Mstari wa nne tumeupita pamoja, okestra na mimi, bila hata robo pigo katikati. Tumefika mwisho sawia. Simu ikanyamaza.
Wamepiga vizuri sana. Hawajui kama nilikuwepo.