Nilisema Boga ni la Watoto

Mpendwa mshauri Mama Martha, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo wenzangu wa rika wanakuja kwangu. Mimi ni Mmaasai wa Loliondo, nimeoa huku Rhotia na ndiko ninakoishi, na mke wangu Laurencia ni Mwiraqw, mkulima hodari, na tangu daktari aniambie presha imepanda, mama huyu hakunipigia kelele wala hakuninyima nyama, ila jioni akishaepua ugali anatumia makaa yale yale yaliyobaki kuchoma boga, karoti na kitunguu, ananiwekea pembeni ya sahani, kidogo tu, kila jioni, na mimi niliyekua nikiambiwa mboga ni chakula cha mbuzi nikaonja, nikazoea, sasa nikisikia harufu ya kitunguu kinaungua ganda nasogea jikoni mwenyewe, na mlima wa kuja nyumbani naupanda bila kusimama.

Sasa Jumapili akaja Senteu, rafiki yangu tuliyetahiriwa pamoja, akasimama kwanza uani kupumua kwa sababu ya mlima, kisha akaingia na kumkuta Laurencia ananiletea sahani, akacheka sana, akasema, "Olais, siku hizi unalishwa pamoja na mbuzi?" nami kwa aibu nikajibu, "Hayo ni ya watoto, mimi nile majani?" na Laurencia alisikia kila neno. Aliwapa watoto sahani ile. Tangu siku hiyo anachoma kama kawaida, watoto wanakula, mimi napewa ugali na nyama, na nikimtazama ananiambia kwa upole, "Si ulisema ni ya watoto, Baba Naisenya?" Mama, nampenda huyu mwanamke na namheshimu, lakini sijui nimwombeje bila kujishusha, na Jumamosi wenzangu watanionaje nikila boga?

Olais, Rhotia

Baba Naisenya, pole, ila pole yangu ni ndogo. Wangapi tunaanza Jumatatu na kikapu kizima cha mboga, Alhamisi tumeshachoka? Mkeo alitumia moto uliokuwepo na kipande ambacho usingekikataa, akakubadilisha taratibu hadi miguu yako ikajua kabla yako. Huyo ni wa kupigiwa makofi, na wewe ukamkana mbele ya mgeni. Halafu unaogopa kujishusha. Kujishusha gani tena, mzee mzima unachungulia karoti kwenye sahani ya mtoto?

Leo jioni ugali ukiepuliwa, usiombe kitu. Osha boga, likate mwenyewe, kaa jikoni uligeuze mpaka lilainike. La kwanza utaliunguza. Kula hilo hilo. Kisha sema, watoto wakisikia, "Mama Naisenya, nilikosea." Usiongeze "lakini". Na dawa za daktari usiache, boga halijawa kidonge.

Jumamosi chinja mbuzi wako kama desturi, na sinia la mboga za kuchoma likae hapo hapo katikati. Wewe uchukue kipande kwanza, useme aliyekufundisha ni nani. Watacheka. Waache wacheke, watashiba.

Sasa huyo Senteu. Umeandika mwenyewe kwamba alisimama kupumua kabla ya kuingia ndani, ukapita haraka. Mimi sikupita. Huenda naye presha imepanda na hajui. Msogezee sinia, na Jumatatu umsindikize akapimwe. Mtu mliyetahiriwa pamoja haachwi nyuma mlimani.