Nilimwambia Amepona ili Nishone Sare

Mama Eufrasia, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko kwa sababu naandikia juu ya meza ya cherehani, sare za shule zilizochelewa zimenizunguka na mikono imechoka, hata kichwa kimechoka. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, fundi wa nguo hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe, na shida yangu imeanzia kwenye mchezo wa kuigiza.

Mwalimu Jofrey wa kikundi chetu cha maigizo aliandika mchezo kuhusu mtu aliyeelemewa na mawazo akaenda kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, mchezo mrefu wa saa tatu na nusu, na mimi akanipa nafasi ya huyo mtaalamu kwa sababu eti nina sauti ya upole, basi kazi yangu jukwaani ikawa kukaa kitini, kumuuliza Aron aliyeigiza mgonjwa, na kungoja, na Aron anakaa kimya dakika nzima kama alivyoelekezwa. Tulipouonyesha Makambako mwezi wa tano, Jumamosi mchana, watu walikicheka kile kimya, mmoja akapiga kelele, "Mpeni ulanzi huyo, ataongea!", bibi mmoja akapanda jukwaani kumwombea Aron ikabidi tumsubiri amalize, na waliotoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma walirudi wakiulizana, "Kumbe hajapona tu?"

Nikafika pale ninapomuuliza Aron, "Tangu lini hulali?" Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanaume kutoka nyuma ikajibu, "Tangu mwezi wa pili." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sijui nini kilinipata, Mama, nikageuka nikamuuliza yeye, "Mwezi wa pili kulitokea nini?" Akasema, "Nilimwambia asimame pale." Kicheko kikakatika.

Anaitwa Odilo, ni mpasua mbao, na mwezi wa pili yeye na mdogo wake Tarsis walikuwa wanaangusha miti, akamwonyesha mdogo wake mahali pa kusimama na mti ukaangukia palepale. Hayo alinieleza Alhamisi iliyofuata, alipopanda basi kutoka Makambako akanitafuta mpaka dukani, akaniamkia "Kamwene", akakaa kwenye benchi la wateja, akasema kwao kila mtu alimwambia ni kazi ya Mungu na hakuna aliyemuuliza neno jingine. Akaja Alhamisi nyingine, na nyingine, miezi miwili. Wakaanza kuja na wengine waliouona mchezo, akina mama wananiletea sketi isiyo na tatizo lolote ili wakae wanieleze ya nyumbani kwao, wananiita dokta, na Shedrack mume wangu akawa ananiuliza, "Mama Rejoice, hapa ni kwa fundi au ni zahanati?", na mimi nikifika nyumbani hata mtoto wangu akiniita nasikia uchungu kama amenipiga.

Alhamisi moja mwezi wa saba shule zinakaribia kufunguliwa, nina sare arobaini hazijashonwa, Odilo akaingia akaanza tena yale yale ya Tarsis, na mimi nikamwambia maneno ninayomwambia Aron mwisho wa mchezo: "Sasa umepona. Nenda ukaishi." Aliniangalia, akasema asante, akaondoka. Wiki tatu hakuja, na mimi nilifurahi, Mama Eufrasia, naandika hili kwa aibu, nilifurahi.

Jumatatu hii amekuja dada yake, Fidelia, analia. Amesema kaka yake hali chakula, na misumeno yake yote ameshaigawa kwa majirani, na akiulizwa anasema, "Dokta kaniambia nimepona. Kama nimepona na bado niko hivi, basi ndivyo nitakavyokuwa." Fidelia anataka niende nikamwambie neno. Mwalimu Jofrey naye anataka turudishe mchezo Makambako mwisho wa mwezi kwa sababu watu wameguswa. Nikienda nikamwambia Odilo kwamba mimi si dokta, si ndiyo nitakuwa nimemmaliza kabisa? Au nimwigizie mara moja tu ya mwisho apate nguvu? Namba yangu ya simu nimeiandika hapo chini.

Eveline, Njombe

MAMA EUFRASIA ANAJIBU

Marahaba, Eveline. Barua yako niliisoma Jumanne asubuhi na sikuingoja zamu ya gazeti. Mtu anayegawa vifaa vya kazi yake hasubirishwi. Nilikupigia palepale, unakumbuka nilivyokufokea, na sasa naandika tuliyoongea, kwa ruhusa yako na ya Odilo, majina nikiwa nimeyabadili, kwa sababu najua wako wengine.

Nilikuambia acha sare. Panda basi leo, na Shedrack aende nawe, asibaki nyumbani kulalamika. Usiigize tena hata sentensi moja. Mwambie wewe ni nani, halafu muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni mpaka mmemfikisha hospitali kwenye kitengo cha afya ya akili. Ukaniambia unaogopa. Nikakuambia ogopa ukiwa ndani ya basi.

Ijumaa ulinipigia, sauti imekauka. Ulimkuta amekaa nyuma ya nyumba, hajavaa viatu, na baridi yote hii. Ukamwambia, "Kaka Odilo, nisamehe. Mimi ni fundi wa nguo, sijasomea haya."

Akakujibu, "Najua. Mlangoni kwako pameandikwa."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

"Wewe uliniuliza."

Ulipomuuliza lile swali gumu alijibu ndiyo, na mkaenda naye hospitali watu wanne. Alilazwa siku tano, sasa yuko nyumbani, amepewa dawa na tarehe ya kliniki, anakula uji. Bado Tarsis yuko kinywani mwake kila saa, na atakuwepo muda mrefu. Hakuna sentensi ya kuyafunga hayo, awe ameiandika mwalimu au nani.

Sasa na wewe. Kumsikiliza hukukosea, na ule ukumbi wote uliocheka ulikuwa na deni kubwa kuliko lako. Ulikosea miezi miwili kuacha kusema, "Haya yamenizidi, twende kwa anayeyajua," na ukakosea kumwambia mtu amepona kwa sababu wewe umechoka. Uchovu wako ulikuwa wa kweli, ungeusema hivyohivyo ulivyo.

Wanaokuja na sketi nzima warudishe nazo. Mwambie Mwalimu Jofrey ayafute yale maneno ya mwisho, na Makambako asirudi bila muuguzi wa afya ya akili kukaa ukumbini tangu mwanzo, ili atakayejibu kutoka nyuma apate mtu wa kumpokea. Akikataa, nafasi yako ya mtaalamu aigize mwenyewe.

Kliniki ya Odilo ni Alhamisi. Usiende. Fidelia atampeleka. Wewe maliza sare za watu, funga duka mapema, umwambie Shedrack apike, ulale.