Mashine ya Mvuto Mmoja

Nyumba ya uani,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo huko uliko? Baridi imewaachia, au bado unalala na koti? Na kile kikohozi, umekwenda kupimwa au unajitibu kwa ubishi kama kawaida yako? Ukinijibu, anza na kikohozi, mengine yafuate.

Sisi huku tunaamka. Sisemi hatujambo, maana hatujambo ya nyumba hii siku hizi inaishia mdomoni. Mgongo wangu ni ule ule. Mume wangu amekonda mpaka suruali zake nazipunguza kiunoni. Wifi yangu amerudi kwenye cherehani yake, anashona sare za shule za watoto wa watu. Wanawe nao wanasoma. Yule mdogo bado anauliza baba yake atarudi lini, na kila mtu anamwachia mwenzake ajibu.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Unasema unataka kuacha kazi ya ghalani, urudi ushike kazi ya kaka yetu ili watoto wasihangaike. Unasema nimzuie wifi asiiuze ile mashine yake ya kukatia miti, uje kuichukua wewe, kwa kuwa miaka yote hukuwahi kumsikia kaka akiilalamikia. Halafu, kwa kuwa hujazaliwa wa kuamini kitu bila kuuliza, umenituma kwa wenye mashine wengine niwaulize zao zinawatendeaje. Yote nimekujibu humu. Ila nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaaga kazini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu maneno yenyewe ukinikatiza katikati sitayamaliza, nawe unajua kukatiza.

Nianze na ulichonituma. Msumeno wa moto, huu wa petroli na mnyororo, wa ukubwa wa kati kila mtu hapa anausifia kwa sababu ile ile: mdogo ni wa kukatia fito na kuringia, mkubwa unakuvunja mgongo kabla haujamaliza gogo, wa kati ndio wa kumlisha mtu. Lakini kila mwenye nao ana kilio chake. Kipara, yule mpasua mbao wa jirani, mashine yake inavuja oili ya mnyororo ukiilaza tu, na mkewe amepiga marufuku isivuke kizingiti. Kabla ya hiyo alikuwa na nyingine yenye kabureta ya kudeka. Mvua ikinyesha inagoma, jua likiwaka inagoma, akaishia kuing'oa viungo kimoja kimoja mpaka ikabaki ganda.

Ya mume wangu unaijua kwa sifa zake mbaya. Asubuhi inawaka vizuri, ila ikishapata moto ukaizima, usitarajie iwake tena mpaka ilale kivulini. Chujio likiingia vumbi kidogo inakohoa kuliko wewe. Na ilikuwa na ugonjwa wa breki. Kuna mkono pale mbele, mashine ikikurukia unasukumika wenyewe, unaubana mnyororo usimame papo hapo. Sasa breki ya mume wangu ilikuwa inajibana bila kuambiwa, katikati ya gogo, mpaka moshi unatoka. Alikuwa akirudi jioni anaitukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika, mimi ni mke wa mtu.

Ya kaka yetu ilikuwa kinyume kabisa. Ukivuta kamba mara moja tu, imenguruma. Si ndiyo maana wakamwita Mvuto Mmoja, mpaka jina alilopewa na baba likabaki la kwenye vyeti. Na hizo mashine zao mbili zilinunuliwa siku moja, duka moja, zikabebwa kwenye gunia moja. Mmoja akapata mchapakazi, mwingine akapata mgomvi. Kaka alikuwa akimtania mume wangu kwamba mashine inamjua mwenyewe, na mume wangu akimjibu kwamba hata mke mzuri siku moja huchoma chakula.

Kitu kimoja uelewe kuhusu wale wawili. Walikuwa na mashine mbili ila vipuri walivifanya vya mmoja. Ya mume wangu ikikosa plagi, inavuliwa ya kaka. Ikikosa kamba, chujio, skrubu, inavuliwa ya kaka. Walikuwa na usemi wao kwamba mzima ndiye wa kumsaidia mgonjwa. Duka la vipuri liko mbali, na mara nyingi ukifika unaambiwa usubiri, kwa hiyo mimi sikuona kosa lolote hapo. Niliona undugu, hata nikawa najisifia kwa majirani kwamba mume wangu na kaka yangu wanaishi kama waliotoka tumbo moja.

Na uijue desturi ya wapasuaji wa hapa, maana ulipoondoka ulikuwa huna habari na mbao. Mashine haibadili mikono kabla haijasomwa. Ukiazima au ukinunua, mwenyewe anakusimamisha, anakutajia tabia zake zote mbele ya watu, nzuri na mbaya, ndipo unaishika. Mtu akificha tabia hata moja, hakuna atakayekata naye mti tena. Na mwenye mashine akiwa marehemu, anayesoma ni yule aliyefanya naye kazi bega kwa bega.

Siku yenyewe unaifahamu, sirudii yote. Mti ulikuwa umeangukia njia, wakaitwa kuukata. Ncha ya msumeno ikagusa tawi lililojificha nyuma ya gogo, mashine ikamrukia kaka shingoni. Mume wangu alikuwa upande wa pili akiondoa matawi. Hapakuwa na cha kufanya, alikata roho wakiwa bado wanatafuta gari. Tulikwambia ni ajali, na sisi wenyewe tulijua hivyo hivyo.

Baada ya mazishi mume wangu akawa haeleweki. Mashine yake akaiweka chini ya kitanda, hakuigusa. Chakula akikigeuza geuza tu. Wifi akiingia, yeye anatoka. Mimi na huu mdomo wangu nikamwambia kwamba msiba si wake peke yake, na aliyefiwa na mume hajalala chini, iweje yeye. Akatoka nje. Nikadhani ni huzuni, nikamwacha nayo.

Kumbe Kipara alikuwa amekwisha kuzungumza na wifi. Anaitaka mashine ya Mvuto Mmoja, na nani asingeitaka. Wiki iliyopita akaja na wapasuaji wenzake wawili wa kushuhudia, tukakaa uani, wifi kwenye kigoda karibu na mlango. Mashine ikaletwa, bado ina vumbi la mbao la siku ile, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipangusa. Kipara akamgeukia mume wangu akasema, "Haya, nisomee."

Mume wangu akaanza vizuri. Inawaka kwa mvuto mmoja, ila asubuhi ya baridi uipe dakika ya kupumua. Mnyororo wake unataka tupa nyembamba, ukitumia nene utauharibu meno. Petroli ikikaa sana kwenye tangi ni bora uimwage. Ikikaribia kuisha mafuta, sauti inapanda, usidanganyike ukadhani imepata nguvu. Kifuniko cha pembeni kina skrubu moja ya kuazima. Alikuwa anaisoma vizuri, mpaka nikaona watu wanatabasamu, maana ilikuwa kama kumsikia kaka mwenyewe.

Kipara akauliza kama ndiyo mwisho.

"Haina breki," mume wangu akasema.

Kipara akasukuma ule mkono wa mbele. Ukaenda na kurudi, mwepesi, haubani kitu. Akauliza breki imekwenda wapi. Mume wangu akajibu kwamba iko kwenye yake.

Ndipo akayasema yote, ameinamisha kichwa. Ukanda wa breki yake ulikatika, akawa anakata hivyo hivyo, mashine yenyewe ina wazimu, kaka akamkemea kwamba siku moja itamkata miguu. Dukani wakaambiwa wasubiri. Basi kaka akafungua kifuniko cha mashine yake mwenyewe, akautoa ukanda, akamwekea. Mume wangu alikataa, wakabishana. Kaka akamwambia, "Yangu ina akili, haijawahi kunirukia, yako ndiyo ya kufungwa kamba." Waliupanga uwe wa siku chache tu. Siku chache zikawa msimu mzima, wakasahau kama kuna kitu kilitoka. Mazoea yana taabu, mdogo wangu. Ingekuwa mashine inayomsumbua, angekumbuka kila siku kwamba ameshika hatari. Hii ilimtii, akaiamini kama mkono wake.

Nakwambia kilichonipata, nawe unione mbaya ukitaka. Jambo la kwanza lililoniingia moyoni ilikuwa shukrani. Nilimshukuru Mungu kwamba mume wangu yu hai. Halafu nikamwona wifi pale kwenye kigoda, nikajua ninashukuru kwa gharama ya nani, nikatamani ardhi inimeze. Kaka yangu mwenyewe, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni tukigombania blanketi. Mpaka leo yote mawili yamo ndani yangu, shukrani na aibu, wala hakuna linalomfukuza mwenzake.

Wifi hakulia wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, tukabaki tunaangalia chini. Wale mashahidi walikuwa wanatafuta namna ya kuaga. Alipotoka alimwambia mume wangu akalete mashine yake. Mume wangu akaenda akaileta, na spana mkononi, akapiga magoti akaanza kulegeza kifuniko. Nadhani sote tuliwaza kwamba anaudai ukanda wake, na ni haki yake.

Wifi akamwambia aache spana. Akataka kuonyeshwa tu inavyofanya. Mume wangu akasukuma mkono, ukasema ta, mnyororo ukabanwa. Akataka tena. Akarudia, ta. Tena na tena, mpaka Kipara akageuza uso ukutani.

Ndipo wifi akasema, "Yeye alijua anampa nani. Usinirudishie. Rudi kazini."

Basi hivyo ndivyo tunavyoishi. Nyumba mbili zinakula kwa mashine moja, ile mgomvi. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini, mume wangu anapita mlangoni kwa wifi, anasimama, anasukuma ule mkono mpaka usikike. Cherehani ndani inanyamaza kidogo. Wifi akishasikia, inaendelea. Hawasalimiani, hawasemezani, ila siku aliyopitiliza kwa haraka, wifi alitoka mbio bila viatu mpaka barabarani akamrudisha. Mimi niko jikoni nasikiliza hiyo ta, na kila siku inanichoma upya.

Ile mashine ya kaka Kipara hakuinunua. Alisema yeye si mtu wa kuogopa chuma, ila hataweza kuiwasha kwa mvuto mmoja mbele ya watoto wale. Iko chini ya meza ya cherehani, imefunikwa. Ukanda mpya ukipatikana itakuwa nzima, na najua wewe ulivyo, hapo ulipo umeshaanza kuwaza kuutafuta huko huko uliko, uje nao mfukoni. Usinikatalie, nilikulea mimi.

Ndiyo maana sikukujibu kwa akili yangu. Nilimsomea wifi barua yako yote, na yale uliyosema kwamba utakuwa unaleta kila utakachopata. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Nikamuuliza nikuandikie nini.

Akasema nikuandikie kwamba wapasua mbao watoto wake wameshakuwa nao. Aliyebaki ni baba mdogo mmoja, na huyo anamtaka mzima.

Basi usiache kazi. Ukipata likizo, njoo mikono mitupu, ukae nao. Yule mdogo umjibu wewe swali lake, sisi limetushinda. Najua unaona kukaa tu si msaada. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu nimeubeba, nakwambia uzito wake ninaoujua.

Wifi anakusalimu. Mume wangu anakusalimu, nilimpa kalamu aongeze neno akaishika kitambo kisha akanirudishia. Kipara anakusalimu na mkewe pia. Watoto wako wanakusalimu, na nimeandika wako makusudi.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akuponye kifua, na akupe usingizi ambao sisi huku hatunao.

Ni mimi akupendaye, mzima au mgonjwa,
Dada yako mkubwa.